Karafuu, mchaichai na mapunye ya watoto wetu

Mwezi huu nimeomba nafasi ndefu kuliko kawaida kwa sababu nina deni. Kuna mtoto mmoja wa darasa langu ambaye ameungua kichwa kwa ajili ya somo nililolifundisha mimi mwenyewe. Somo lile halikuwa la uongo, ila nililifundisha nusu. Leo naandika nusu iliyobaki, na nitakwenda polepole maana kuna kemia ndani yake na najua si wote tulipita tawi la biokemia.

Ilianza hivi. Muhula uliopita tulikuwa na somo la kuvu, au fangasi kama wanavyosema wengi hapa kambini. Vitabu ni vichache, kwa hiyo nilitaka watoto waone kwa macho. Nikachukua vikopo vitatu vyenye mifuniko, katika kila kimoja nikaweka tonge la ugali. Kikopo cha kwanza sikuongeza kitu. Cha pili nikaweka majani ya mchaichai yaliyopondwa, ule ambao Wakongomani wengine tunauita sitroneli. Cha tatu nikaweka karafuu kumi nilizozitwanga. Tukavifunika, tukaviweka juu ya dirisha, tukasubiri.

Siku ya nne kikopo cha kwanza kilikuwa kimeota manyoya ya kijani na meusi. Siku ya sita kile cha mchaichai kilianza kuonyesha madoa. Kile cha karafuu hata siku ya nane kilikuwa safi, ugali umekuwa wa kahawia tu na unanuka kama pilau. Watoto walifurahi kweli kweli. Nami nikafurahi, nikasema kwa sauti ya mwalimu aliyeshinda: "Mnaona? Mafuta yaliyo ndani ya karafuu yanaua fangasi." Kisha nikaongeza kwamba hata mapunye ya kichwani ni fangasi.

Mstari wa pili alikaa mtoto mwenye mapunye tangu kabla ya Noeli. Wenzake walikuwa wanamcheka, wanamwita kichwa cha ramani. Alikwenda nyumbani akamwambia mama yake maneno ya mwalimu. Mama akauza kipimo kimoja cha maharage ya posho, akanunua sokoni kichupa kidogo cha mafuta ya karafuu. Usiku akasugua yale mabaka kwa gunzi ili magamba yatoke, halafu akapaka mafuta yale kwa pamba, hayakuchanganywa na chochote. Mtoto alilia mpaka majirani wakaja. Asubuhi kichwa kilikuwa na malengelenge.

Yule mama alinifuata shuleni. Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, si ni wewe ulisema?" Nikakosa jibu.

HARUFU YENYEWE NI MAFUTA

Ukiponda jani la mchaichai mkononi unasikia harufu. Ile harufu ni mafuta yanayoruka hewani na kuingia puani mwako. Mmea umeyahifadhi katika vifuko vidogo sana ndani ya majani, maua, maganda au magome, na ukiponda unapasua vifuko hivyo. Kwa nini mmea uhangaike kutengeneza kitu hicho? Mmea hauwezi kukimbia. Wadudu wanakuja kuula, kuvu wanakuja kuuozesha, nao umesimama pale pale. Basi sehemu kubwa ya hayo mafuta ni silaha yake. Sisi tunayaweka kwenye chai.

Haya si mafuta kama mawese. Fanyeni jaribio dogo: dondosha tone la mawese kwenye karatasi, pembeni dondosha tone la mafuta ya mchaichai au ya mkaratusi. Rudi kesho. Doa la mawese bado lipo na litakuwepo mpaka karatasi itupwe, lakini la pili limekwenda zake, au limebaki alama hafifu tu. Sababu ni ukubwa wa chembe zake. Chembe ya mawese ni nzito, ina minyororo mitatu mirefu ya kaboni, na kila mnyororo una kaboni kama 16 au 18. Chembe nyingi za mafuta ya harufu zina kaboni 10 tu, nyingine 15. Ni nyepesi, kwa hiyo zinaruka.

Wepesi huo ndio unaotumika kuyatoa kwenye majani. Majani yanawekwa juu ya maji yanayochemka, mvuke unapanda unabeba mafuta, unapitishwa kwenye bomba lililopozwa, unageuka maji tena, na mafuta yanaelea juu ya maji. Waliowahi kuona lutuku ikipikwa, au gongo kama wenyeji wetu wanavyoiita, wameshaelewa bila mimi kuendelea. Mtambo ni ndugu yake yule yule. Lakini msiende kuwasha moto nyuma ya nyumba, maana kilo mia moja za mchaichai mbichi hazitoi hata kilo moja ya mafuta, na kuni mnajua tunazipataje. Karafuu ndiyo tajiri: katika kilo mia moja za karafuu kavu unaweza kupata kilo 15 za mafuta au zaidi. Kule Pemba kuna kiwanda kinachotoa mafuta hata kwenye makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa.

NDANI YA CHUPA KUNA NINI

Watu wengi wanadhani mafuta ya mmea fulani ni kitu kimoja. Sivyo. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, wakati mwingine kadhaa wa kadhaa, na kimoja au viwili vinakuwa wakubwa wa nyumba.

Katika karafuu mkubwa wa nyumba anaitwa yujenoli. Anachukua kiasi cha asilimia 70 hadi 90 ya mafuta yote. Chembe yake ina kaboni 10, haidrojeni 12 na oksijeni 2. Katika mchaichai mkubwa ni sitrali, kaboni 10, haidrojeni 16, oksijeni 1, na kwa kawaida anachukua zaidi ya nusu ya mafuta yote. Ndiye anayefanya mchaichai unuke kama limau. Kwenye maganda ya chungwa na limau yupo limonini, mwenye kaboni 10 na haidrojeni 16, hana oksijeni kabisa. Katika ile mikaratusi inayotumika kutengeneza dawa ya kifua mkubwa ni sineoli. Na kuna timoli, anayepatikana katika majani ya thaimu na katika aina fulani za mrihani wa porini.

Sitrali, limonini, sineoli na timoli ni wa ukoo mmoja, ukoo wa terpeni. Mmea unawajenga kwa kuunganisha vipande viwili vidogo vyenye kaboni tano tano. Mjerumani mmoja, Otto Wallach, alitumia miaka mingi kupanga ukoo huu, akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1910. Tena ni vipande vya namna hiyo hiyo ambavyo, vikiunganishwa maelfu kwa mnyororo mmoja, vinakuwa mpira. Ndiyo, mpira ule ule ambao babu za babu zetu Kongo walikatwa mikono kwa ajili yake wakati wa Leopold. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka nilipokuwa naandaa makala hii, na tangu hapo nikinywa chai ya mchaichai nalikumbuka.

Yujenoli si wa ukoo huo. Yeye ni fenoli, yaani ana pete ya kaboni sita ambayo imeshikwa na oksijeni na haidrojeni. Timoli naye, ingawa ni wa ukoo wa terpeni, ana pete kama hiyo. Shikeni jambo hili la pete, kwa sababu hao wawili ndio wakali kuliko wenzao. Waliopima mafuta mengi ya mimea dhidi ya kuvu wameona kwa ujumla kwamba fenoli zinatangulia, halafu zinafuata chembe za namna ya sitrali, na zile zisizo na oksijeni kama limonini ziko nyuma. Sineoli wa mkaratusi pia si mkali sana kwa kuvu. Ndiyo maana vikopo vyangu vilitoa matokeo yale: karafuu kwanza, mchaichai nyuma yake.

Jambo jingine: mmea mmoja unaweza kubadilika. Ule mrihani mkubwa wa porini, ambao ndugu zetu Warundi wanauita umwenya, mahali pengine mafuta yake yamejaa timoli, mahali pengine yamejaa yujenoli, na kwa macho majani ni yale yale. Kwa hiyo mtu akikuambia "majani haya yalimponya mtoto wa dada yangu kule kwetu", inawezekana anasema kweli, na bado majani ya hapa yasifanye hivyo.

JINSI YANAVYOMUUA KUVU

Kuvu amejengwa kwa seli, kama sisi. Kila seli imefungwa na utando mwembamba sana ambao umetengenezwa kwa mafuta. Fikirieni shitingi ya nyumba wakati wa mvua: ikiwa nzima, vitu vya ndani vinabaki ndani na maji ya nje yanabaki nje. Yujenoli anapenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo akifika anajipenyeza ndani ya utando ule. Utando unalegea, unavuja, chumvi za ndani na chakula cha seli vinatoka nje, seli inakufa.

Hapa ndipo penye ile nusu ambayo sikuifundisha darasani. Seli zetu nazo zina utando wa mafuta.

Kuna tofauti moja. Ili utando uwe imara, seli zetu zinatumia kolesteroli, na kuvu anatumia kitu kingine kinachofanana nayo, jina lake ergosteroli. Dawa nyingi za fangasi za hospitali zimetengenezwa kwa kufuata tofauti hiyo. Ile krimu ya klotrimazoli mnayopewa kwa fangasi ya ngozi inamzuia kuvu asitengeneze ergosteroli yake. Ngozi ya mtoto haijengwi kwa ergosteroli, kwa hiyo haina shida. Mafuta ya karafuu hayachagui hivyo. Yakiwa mengi na makali yanaingia utando wowote yanaoukuta, wa kuvu na wa mtoto. Na yule mtoto wetu alikuwa ameshasuguliwa na gunzi, ngozi ya juu imetoka, mafuta yakakuta njia wazi.

Wanaopanga viwango vya usalama wa mafuta haya wanashauri yujenoli kwenye ngozi isizidi kama nusu ya asilimia moja. Kwa lugha ya jikoni, hilo ni tone moja tu katika kijiko kikubwa kizima cha mafuta ya kupikia. Mama yule alipaka chupa yenyewe, yaani mara mia na zaidi ya kiasi hicho. Naye hakukosea kwa uzembe, maana hakuna aliyemwambia. Kichupa chenyewe kilikuwa na picha ya ua tu.

KWA NINI KICHWA NI TOFAUTI

Mtaniuliza, je, akipaka tone moja katika kijiko, mapunye yatapona? Kwa kichwa, jibu ni hapana, na hata krimu ya hospitali peke yake haitoshi.

Kuvu wa mapunye anakula keratini, ambayo ndiyo nywele, kucha na ngozi ya juu vinajengwa nayo. Kichwani hakai juu ya ngozi tu. Anashuka kwenye kitundu cha unywele mpaka ndani na kuingia katika unywele wenyewe. Unywele unadhoofika, unakatika, ndiyo maana mnaona baka lenye upara na vidoti vyeusi. Ukipaka kitu juu unawaua walio juu. Walio shimoni wanasubiri, baada ya wiki mbili wamerudi, na wewe unasema umerogwa au dawa ni ya bandia.

Kwa hiyo mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza, ili ipite kwenye damu na kuingia katika unywele unapoota kutoka chini. Inayotolewa mara nyingi kwetu ni griseofulvini. Inamezwa kwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi, na inaingia mwilini vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Ugali na mboga iliyotiwa mawese unatosha. Kipimo kinafuata uzito wa mtoto, hivyo musigawane vidonge kati ya mkubwa na mdogo. Mama mjamzito asimeze dawa hii. Na kosa kubwa ninaloliona darasani ni hili: wiki ya tatu baka limekauka, nywele zimeanza kuchipua, mzazi anaacha dawa na kuiweka kwa ajili ya mtoto mwingine. Wote wawili hawaponi.

Najua mtasema, mwalimu, tukienda zahanati tunaambiwa vidonge vimekwisha. Ni kweli, hutokea, mimi mwenyewe nimerudishwa na wanafunzi wawili. Andikisheni jina, rudini. Mapunye hayaui, mtoto anaweza kusubiri wiki mbili. Kichwa kilichoungua, kikaingia wadudu wa usaha, hakiwezi kusubiri. Msiweke mafuta ya taa, msiweke asidi ya betri, na msiweke mafuta ya karafuu.

Je, mafuta ya harufu hayafai kabisa basi? Sisemi hivyo. Mwaka 2002 kule Australia walitoa matokeo ya jaribio la mafuta ya mti wao mmoja unaoitwa kwa Kiingereza mti wa chai, ingawa si chai yetu hii. Watu 158 wenye fangasi wa vidole vya miguu waligawanywa makundi matatu: wengine walipaka mafuta hayo ya asilimia 25, wengine ya asilimia 50, wengine walipewa maji ya dawa yasiyo na mafuta yale, wala hawakujua nani kapewa nini. Waliopata nafuu wazi walikuwa 72 kwa mia katika kundi la asilimia 25, na 68 kwa mia katika lile la 50. Katika wale wasiopata mafuta walikuwa 39 kwa mia. Mnaona mambo mawili hapo. Mafuta yanasaidia kweli. Halafu kuyazidisha hakukuongeza nafuu. Na hata hivyo watu wanne waliopaka mafuta walipata vipele na kuwashwa vibaya ngozini. Hao walikuwa watu wenye fangasi miguuni, chini ya uangalizi wa madaktari, si kichwa cha mtoto usiku kwenye mwanga wa tochi.

Karibu zaidi na kwetu, watafiti kule Butare, Rwanda, walichunguza umuravumba katika miaka ya 1980. Warundi na Wanyarwanda wanaufahamu sana, bibi zao wanautumia kwa kikohozi, kwa tumbo, kwa mengi. Walitoa katika majani kitu kimoja ambacho katika maabara kiliua vijidudu na kuvu kadhaa. Inafurahisha kwamba kitu kile si cha harufu, ni kizito, kina kaboni 20, hakiruki. Kwa hiyo hata pua haitoshi kujua dawa iko wapi ndani ya jani. Bibi zetu hawakuwa wajinga. Lakini kati ya sahani ya maabara, ambapo kuvu amelala wazi bila pa kujificha, na kichwa cha mtoto, kuna safari ndefu, na mimi niliiruka yote kwa sentensi moja mbele ya watoto.

MKARATUSI NA WATOTO WADOGO

Nitalisema kwa kifupi kwa sababu linaua. Mafuta ya mkaratusi yanayouzwa kwenye vichupa kwa ajili ya mafua yana nguvu ambayo hatuioni. Mtoto mdogo akinywa kiasi kama cha kijiko kimoja cha chai anaweza kulewa, kutapika, kupata degedege, hata kupoteza fahamu. Msiyaweke puani mwa mtoto mchanga, wala kafuri. Mtoto akinywa, msimlazimishe kutapika. Mbebeni zahanati mara moja, na chupa mwende nayo.

Chai ya mchaichai haina shida, kunyweni. Mafuta yaliyomo katika kikombe ni kidogo sana, na mengine yameshakwenda na mvuke. Kwa sababu hiyo hiyo chai haitaponya mapunye, hata ukimwosha nayo kichwa asubuhi na jioni.

MAHINDI YENYE UKUNGU

Baada ya lile jaribio la vikopo, mzee mmoja wa bloku yetu alinijia na wazo. Akasema, kama karafuu inazuia ukungu kwenye ugali, basi tuchanganye karafuu na mahindi yaliyoanza kuota ukungu, tuyaokoe. Wazo la mtu mwenye akili, na nusu yake ni kweli: mafuta ya karafuu na ya mchaichai yameonekana katika maabara kuzuia kuvu wa mahindi na karanga.

Tatizo ni kwamba mmoja wa kuvu hao, yule wa rangi ya kijani manjano, anatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Ukishamwona ameota, sumu inaweza kuwa imeshaingia. Ukimuua kuvu, sumu inabaki. Ukiyaosha, ukiyasaga, ukiyapika ugali, sehemu kubwa inabaki. Mwaka 2004 huko Kenya, katika wilaya kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao wakafa. Yalikuwa mahindi yao ya nyumbani, yaliyohifadhiwa na unyevu. Karafuu ingewaondolea harufu ya ukungu tu, wakala bila kushtuka.

Nilimwambia mzee afanye kinyume: aanike mahindi mapema yakauke kabisa, kwenye turubai na si kwenye udongo, ayainue juu ya vipande vya mbao yasilale sakafuni, na yaliyoota ukungu ayatupe. Wala kuku asipewe. Alinitazama kwa huzuni. Kutupa chakula hapa kambini si jambo la kumwambia mtu kirahisi, na sikujua niongeze nini. Lakini aliyatupa, nilimwona.

KINYOZI NA KITANA

Watoto wengi hawapati mapunye kwa uchafu, kama majirani wanavyopenda kusema. Wanayapata kwa mashine ya kinyozi, wembe mmoja kwa vichwa vitano, kitana cha kuazima, kofia na kitambaa, kulala mkeka mmoja. Hata paka na mbwa wanaweza kuleta. Nimezungumza na vinyozi watatu wa karibu na shule. Wawili wamekubali kutoa nywele zote kwenye meno ya mashine na kuyasafisha kwa maji ya klorini kila baada ya kichwa. Wa tatu alisema nalipa mimi hiyo klorini? Bado tunaongea. Ninyi mpelekeni mtoto na wembe wake mpya, au ule wa nyumbani uliochemshwa.

Na mtoto akishaanza vidonge, aje shuleni. Hakuna haja ya kumficha nyumbani wiki nane. Avae kofia yake mwenyewe, asiazimishe.

Yule mtoto wetu sasa amemaliza wiki ya saba ya vidonge. Kidonda cha kuungua kilipona kabla ya mapunye. Nywele zimerudi karibu pote, isipokuwa mahali kama pa sarafu juu ya sikio, na muuguzi anasema pengine pale hazitarudi. Nimelirudia somo darasani. Nilivileta vikopo vile vile, halafu nikawaeleza watoto mambo niliyowaeleza hapa, na nikawaambia pia kwamba mara ya kwanza mwalimu alikosea. Walikaa kimya kidogo. Kisha msichana mmoja akauliza kama nitapigwa.

Mama yake nilikwenda kumwona nyumbani. Alinipa kiti, akanipa chai. Tukaongea mambo ya mvua. Nilipotaka kuondoka akaitoa ile chupa juu ya boriti, ilikuwa bado imejaa zaidi ya nusu. Akaniuliza, "Sasa hii nitaifanya nini? Ni maharage yangu haya." Nikamwambia waganga wa meno wanaitumia karafuu miaka mingi, na jino la mtu mzima likimsumbua usiku anaweza kuweka tone moja kwenye pamba, aliguse jino lenyewe tu, asiguse ufizi, na asubuhi aende zahanati. Akaifunga vizuri na nailoni, akairudisha juu, mahali ambapo hata mimi nisingefika bila kiti.